Haki ya Njia: Magari, Majirani na Msiba katika Mitaa ya Toongabbie

Mbele ya nyumba nyingi za Toongabbie, kitongoji kilicho yapata kilomita 30 magharibi ya kitovu cha Sydney, pana ukanda wa majani baina ya uzio na lami. Ukanda huo si mali ya mwenye nyumba. Ni ardhi ya umma. Hata hivyo ni yeye anayetarajiwa kuyakata majani yake, kuokota taka zilizopeperushwa na upepo, na kuliweka pipa lake hapo usiku wa kuamkia siku ya gari la taka. Anautunza bila ya kuumiliki. Hatua mbili kutoka hapo huanza barabara, na papo hapo huanza mgogoro ambao ni mdogo kiasi cha mtu kuona haya kuutaja, lakini ambao unaweza kuwafanya majirani wa miaka mingi waache kuamkiana: nani ana haki ya kuegesha gari mbele ya nyumba ya nani?

Sheria inalijibu swali hilo kwa maneno machache. Kanuni za barabara za jimbo la New South Wales za mwaka 2014 zinakataza kuziba njia ya kuingilia gari uani, kusimamisha gari juu ya ukanda wa majani, kuegesha ndani ya mita 10 za makutano yasiyo na taa, na kulisogelea gari jingine kwa chini ya mita 1. Nje ya makatazo ya namna hiyo na ya vibao vilivyosimikwa, gari lililosajiliwa linaweza kukaa kandoni mwa barabara, hata mbele ya dirisha la mtu asiyemjua mwenye gari. Sheria haimtambui kiumbe anayeitwa mwenye mbele ya nyumba.

Wakazi wanamtambua. Koni ya rangi ya machungwa iliyowekwa asubuhi, pipa lililosahauliwa kwa makusudi kandoni mwa lami siku isiyo ya taka, kikaratasi kilichobanwa chini ya waipa: zote ni hati za umiliki ambazo hazikusajiliwa popote. Anayezicheka kwa sababu tu hazina nguvu ya kisheria amelikimbia swali, kwa maana mengi wanayodaiana majirani hayamo katika sheria yoyote. Hakuna kifungu kinachomlazimu mtu kuitikia salamu ya jirani yake. Asiyeitikia hajavunja kanuni ya serikali, na bado kila mtu mtaani anajua kwamba amevunja kitu.

David Hume, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa juu ya maumbile ya binadamu, iliyotoka mwaka 1740, alijiuliza jinsi watu wanavyofikia kukubaliana kwamba kitu hiki ni cha fulani. Miongoni mwa majibu yake ni kwamba fikra ya mtu huteleza kwa wepesi kutoka kitu alicho nacho kwenda kwenye kile kilichoambatana nacho. Matunda ya bustani yake na ndama wa ng'ombe wake huyahesabu kuwa yake kabla hajayatia mkononi. Nafasi ya mbele ya nyumba ni ndama wa aina hiyo. Jicho limezoea kuona uzio, majani na lami kama kitu kimoja, na mguu wa mgeni ukikanyaga sehemu yoyote ya kitu hicho, mwenye nyumba huhisi amekanyagwa yeye. Hume lakini hakudai kwamba mtelezo wa fikra peke yake unazalisha haki. Unazalisha desturi pale tu wengine wanapoteleza pamoja na mwenye kudai. Mtaa ambao wakazi wake wametoka katika nchi kumi tofauti, kila mmoja na uzoefu wake wa njia na kizingiti, hauna mtelezo mmoja.

Wako wanaojaribu kuijenga haki hiyo juu ya jasho. Huko Chicago, baada ya theluji nzito, aliyetaabika kulichimbua gari lake huacha kiti cha jikoni au ubao wa kupigia pasi katika nafasi aliyoisafisha, na majirani wengi huiheshimu alama hiyo ingawa barabara ni ya umma. Hoja yake inaeleweka: asingetoa jasho, nafasi isingekuwapo. Toongabbie hakuna theluji. Mwenye nyumba amekata majani, hakuitengeneza lami, na jasho lililomwagika juu ya ukanda mmoja halitiririki hadi ukanda wa pili.

Kuna kitabu ambacho msomi wa pwani ya Afrika Mashariki angekifikiria kabla ya Hume. Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa nguzo za fikihi ya Kishafii, na kimesomeshwa kwa muda mrefu Lamu, Mombasa na Unguja. Nawawi hakuyajua magari, ila aliijua barabara. Anamjadili mtu anayekaa njiani kufanya biashara. Mtu huyo anaruhusiwa bila ya kuhitaji idhini ya mtawala, madhali hawabani wapitao. Aliyetangulia mahali ndiye mwenye haki zaidi napo. Wakigombania wawili, hupigwa kura. Kisha linakuja suala ambalo mkazi yeyote wa Toongabbie angelitegea sikio. Mchuuzi akiinuka, je, haki yake inainuka pamoja naye? Jibu ni kwamba akiondoka kwa nia ya kurejea, mahali panabaki pake, isipokuwa akikawia kiasi cha wateja wake kukatika na kumzoea mwingine.

Thamani ya jibu hilo imo katika sababu yake. Mchuuzi halindwi kwa kuwa amepazoea mahali pake. Analindwa kwa kuwa wako wengine waliozoea kumkuta hapo, na kumwondoa ni kuwasumbua wao pamoja naye. Mazoea ya mtu peke yake, hata yakidumu miaka ishirini, hayatoshi. Kinachotosha ni kutegemewa. Kipimo hicho kikipelekwa katika barabara ya Toongabbie, madai yanaanza kupangika upya. Anayeegesha mbele ya nyumba yake kwa sababu anapenda kuliona gari lake dirishani hana dai lolote juu ya jirani. Mwenye mama mgonjwa wa figo, anayempeleka hospitali mara tatu kwa wiki na ambaye hawezi kutembea hatua hamsini, ana dai zito. Vilevile muuguzi wa nyumba ya wazee anayerudi kazini saa sita za usiku peke yake, na ambaye umbali baina ya gari na mlango kwake ni suala la usalama. Hakuna kati ya hawa aliye na hati ya barabara. Dai lao haliko juu ya lami hata kidogo. Liko juu ya jirani anayejua hali yao na bado akachukua nafasi ile ilhali nyingine ilikuwa wazi.

Kitabu hichohicho kinamruhusu mtu kujenga kivuko juu ya njia ya umma kwa sharti kwamba asiwadhuru wapitao: kiwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake bila kuinama, na kama ni njia ya wapandao wanyama, basi ngamia na shehena yake wapite. Aliyetembea Lamu akapita chini ya wikio, chumba kinachoruka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ameipitia hukumu hiyo kwa kichwa chake. Nyumba imeazima hewa ya njia na kuiachia njia kipimo chake. Daka na baraza zilifuata mantiki iliyogeuzwa: mwenye nyumba alijenga kwa gharama zake, kwa mawe yake na chokaa yake, kisha akaacha mpita njia aketi. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya falsafa mjini Mombasa, aliziona baraza kuwa ndipo mahali ambapo watu hufikiri pamoja. Inafaa kukumbushwa kwamba neno hilohilo ndilo Wakenya wengi wanalolitumia kwa halmashauri ya mji. Toongabbie imegawanywa baina ya halmashauri tatu, za Parramatta, Cumberland na Blacktown. Ina mabaraza matatu, kwa hiyo, na haina hata baraza moja la kukalia.

Katika Hadithi mashuhuri Mtume aliwaonya maswahaba juu ya kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwataka basi waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi aliwatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu. Lugha ya Kiswahili imeuhifadhi muundo huo mzima. Haki ya njia si haki ambayo mtu anayo juu ya njia. Njia ndiyo inayodai na mtu ndiye anayedaiwa. Haki ya jirani ni hivyohivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anaposema jirani ana haki yake, anamaanisha kwamba kuna kitu mfukoni mwake yeye msemaji ambacho ni cha jirani na bado hajakitoa. Mgogoro wa Toongabbie unapoendeshwa kwa Kiingereza huanza na haki ambayo kila mmoja anayo dhidi ya mwenzake, na kwa kuwa sheria imewapa wote haki sawa juu ya barabara, hakuna anayeweza kushinda na hakuna anayeona sababu ya kushindwa.

Haiwezekani kulaumu tabia peke yake. Tangu mwaka 2009 sera ya makazi ya jimbo imeruhusu kujengwa kwa nyumba ndogo ya uani, yenye eneo lisilozidi mita 60 za mraba, bila ya kumlazimu mwenye kiwanja kuongeza sehemu ya kuegesha gari. Familia mbili zinaishi pale palipokusudiwa moja. Watoto wamefika umri wa kazi na hawawezi kumudu kodi ya nyumba zao wenyewe. Gereji imejaa masanduku. Kituo cha treni, kilichofunguliwa mwaka 1880, nacho huvuta magari ya wasafiri wa asubuhi hadi mitaa ya jirani. Waliotunga sera walipata nyumba nafuu kwa gharama ya nafasi za barabarani, na gharama hiyo wakaachiwa majirani waigawane wao kwa wao. Kuwapa watu uhaba kisha kuwahubiria adabu ni jambo linalostahili kutiliwa shaka.

Tena neno pangu lina historia ndefu mahali hapa kuliko uzio wowote. Jina la Toongabbie limetoka katika lugha ya Wadarug, waliokuwa wenye nchi. Mwaka 1791 serikali ya Kiingereza ilianzisha hapo shamba lililolimwa na wafungwa, na mwaka 1797 Pemulwuy na wapiganaji wake walilivamia kabla ya kuelekea Parramatta. Anayeandika kikaratasi kudai mita 5 za lami anaandika juu ya ardhi ambayo dai la kwanza juu yake halijapata kujibiwa.

Lakini yote hayo ni mambo ya magari mawili matatu. Sura ya suala hugeuka kabisa msiba unapoingia.

Wazungumzaji wa Kiswahili wa magharibi mwa Sydney wametoka Kenya, Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki, wengi wao wakipitia kambi za wakimbizi. Sehemu kubwa ya vifo vyao haitokei walipo. Mtu hufariki Bukavu au Kisumu, na matanga huwekwa Toongabbie. Hakuna jeneza, hakuna gari la maiti, hakuna sare nyeusi mlangoni. Kuna simu iliyolia alfajiri, na ifikapo jioni kuna magari. Ichukuliwe kwamba yamekuja magari 40, idadi isiyo ya ajabu kwa jamii ambayo kukosa kwenda kuhani ni aibu. Kiwanja chenye upana wa mita 15, ukitoa njia ya kuingilia, kina nafasi ya magari mawili kwa kubanana. Wafiwa wa nyumba moja watakuwa wamejaza mbele ya nyumba ishirini, na kwa kuwa kilio huchukua siku kadhaa, watarudi kesho na keshokutwa.

Dar es Salaam hesabu hiyo haipigwi. Turubai hufungwa hata katikati ya mtaa, viti vya plastiki hupangwa, magari hugeuza na kutafuta njia nyingine, na dereva anayepiga honi huonekana amepungukiwa. Mwangalizi kutoka nje anaweza kusema kwamba waswahili wana uvumilivu mkubwa wa kero. Ameona vibaya. Mtaa haukuvumilia kero iliyoletwa na nyumba moja, kwa sababu waliofunga turubai ni mtaa wenyewe: jirani ndiye aliyefika kwanza, ndiye aliyekoka moto, masufuria ni yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika msiba fimbo ya karibu ni yule wa ukuta wa pili, awe wa kabila gani au dini gani. Hakuna anayejidhulumu mwenyewe kwa kuifunga njia aliyoamua kuifunga.

Jirani wa Toongabbie hakuamua chochote. Anarudi kazini, anakuta magari ya watu asiowajua kuanzia kona hadi kona, anasikia sauti nyingi uani mwa jirani, na anahitimisha kwamba pana sherehe. Akiandika kikaratasi kikali usiku huo, anakuwa amemwandikia mtu aliyefiwa na mama yake. Je, ametenda uovu? Hapa ndipo mizani inapokuwa ngumu. Hawezi kulaumiwa kwa kutoheshimu huzuni asiyoijua. Na waombolezaji hawawezi kulaumiwa kwa kuegesha mahali ambapo sheria inawaruhusu. Kila upande uko sawa, na bado mtu amejeruhiwa.

Jawabu linalokuja mdomoni haraka ni kwamba wafiwa wangetoa taarifa. Ni jawabu sahihi, ila kwa namna linavyotolewa mara nyingi lina ukatili ndani yake. Kumwambia aliyepokea habari ya kifo alfajiri kwamba aanze kuzunguka nyumba ishirini kuomba radhi kwa magari ya ndugu zake ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuinama. Desturi za pwani na za bara zingeshangaa pia, kwa sababu kwazo mfiwa haratibu chochote. Anakaa. Kuna mtu wa kupokea wageni, mtu wa daftari la michango, vijana wa kubeba viti. Kwa hiyo deni la taarifa lipo, lakini mdaiwa ni jamii iliyokuja na magari yake, na katika orodha ya kazi za msiba ughaibuni inafaa kuongezwa moja isiyokuwapo nyumbani: wa kwenda kwa majirani. Taarifa hiyo haiombi ruhusa, maana ruhusa imo ndani ya sheria. Inampa jirani nafasi ya kuwa jirani. Anayejua kwamba nyumba ya pili imefiwa anaweza kulihamisha gari lake kwa hiari, anaweza kuleta chakula, anaweza pia kutofanya kitu. Kabla hajajua, hata wema wake umefungiwa mlango.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi. Ni nani atakayebisha hodi? Vijana wawili weusi wakigonga milango ya mtaa wa Sydney saa mbili za usiku wanaweza kufunguliwa kwa tabasamu, na wanaweza kuitiwa polisi. Hodi ni neno linalofanya kazi pale linapofahamika. Linatolewa kwa sauti kutoka nje, linasubiri karibu, na lisipojibiwa baada ya mara ya tatu mgeni huondoka. Ndani ya neno moja mna jina la anayekuja, nia yake, na uhuru wa mwenye nyumba kukataa. Penye kengele yenye kamera, hodi inageuka kuwa picha ya mtu asiyejulikana. Asiyetaka vijana wake wapitie hatari hiyo hana haja ya kuelezwa kwamba anaogopa bure.

Hapo karatasi inarudi. Robert Ellickson, katika utafiti wake wa mwaka 1991 juu ya wafugaji wa Shasta huko California, aligundua kwamba majirani hao waliyamaliza magomvi ya mifugo iliyovuka mipaka bila ya sheria, na mara nyingi bila hata ya kuijua sheria inasemaje, kwa kuwekeana hesabu ya fadhila vichwani. Hesabu hiyo inahitaji watu wanaotarajia kukaa pamoja kwa muda mrefu. Mitaa ya wapangaji, ambao hawajui mwakani watakuwa wapi, haiwezi kuiweka, na kwa sababu hiyo haifai kudharau karatasi. Tatizo la kikaratasi cha waipa haliko katika karatasi. Liko katika kukosa jina. Kinasema kisha kinafunga mdomo wa anayesemwa. Hakuna mahali pa kupeleka jibu, wala pa kupeleka radhi. Simu isiyo na jina inayopigwa halmashauri ina kasoro hiyohiyo, ingawa mjane anayeishi peke yake na anayemwogopa jirani yake ana udhuru ambao mwenye misuli na sauti hana. Karatasi iliyoingizwa katika sanduku la barua mchana, inayotaja nyumba namba fulani, inayosema kwamba pamefiwa na kwamba wageni watakuwapo hadi Jumapili, na iliyo na jina na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa gari likiziba njia, ni hodi iliyoandikwa. Ina mlango wa karibu ndani yake.

Hata hivyo barua nzuri kuliko zote haitalisogeza gari lililoegeshwa mita 4 kutoka kwenye kona. Pale huzuni haina hoja, kwa sababu gari la wagonjwa linalokata kona hiyo nalo limebeba mtu. Ofisa wa halmashauri akipita, faini itaandikwa, na hapo jamii itakuwa na swali dogo la kuamua juu ya daftari la michango: je, faini ni gharama ya msiba, iingizwe pamoja na nauli ya kusafirisha maiti na chai ya waombolezaji? Kuna upole katika kusema ndiyo. Lakini michango ya matanga imechangwa kwa ajili ya marehemu, na wenye kuchanga ni wafagiaji wa maofisi na wasaidizi wa wazee wanaohesabu saa zao za kazi. Dereva aliyeiona kona akaegesha vilevile anapaswa kulipa kutoka mfukoni mwake, na alipe kimya, bila ya kumweleza mfiwa.